Kidonda Hakiishii Hospitali

Mtu yeyote asimamaye asubuhi katika kituo cha mabasi cha Moshi, akayatazama magari yaendayo Marangu, Rombo, Kibosho na Machame, hakosi kumwona abiria mwenye bendeji. Pengine ni mama aliyejifungua kwa kupasuliwa, mkono mmoja umemkumbatia mtoto na wa pili umelishika tumbo. Pengine ni kijana aliyeanguka na pikipiki, au mzee mwenye kisukari ambaye kidonda cha mguu kimemsumbua tangu masika yaliyopita. Watu humpisha akae, humpa pole, naye hushukuru kwamba mambo ya hospitali yamekwisha. Kwa hakika hayajaisha. Sehemu iliyo ngumu ndiyo kwanza inaanza, nayo itafanyika kihambani, chini ya migomba, mbali na daktari na mbali na maabara.

Tumeanza na abiria huyu kwa makusudi, kwa kuwa twataka awe kipimo cha jambo tulizungumzalo leo. Katika nchi nyingi za dunia wataalamu wanashughulika kuunda bendeji za namna mpya ziitwazo haidrojeli, yaani bendeji za rojorojo, zenye uwezo wa kuua vijidudu hata vile ambavyo havisikii tena dawa za kawaida. Habari zake ni za kutia moyo. Lakini swali letu sisi si kama bendeji hizo zinafanya kazi katika chupa za maabara ya Ulaya. Swali letu ni kama zitamfaa abiria yule wa basi la Rombo, zitamfikia kwa bei gani, na nani atakayemhakikishia kwamba hazimdanganyi.

Kwanza na tuutazame ukubwa wa shida yenyewe. Mwaka 2003 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika Hospitali ya KCMC, ile hospitali kubwa iliyofunguliwa chini ya mlima mwaka 1971. Wachunguzi waliwafuata wagonjwa 396 waliopasuliwa. Kati yao 77 walipata maambukizo katika jeraha la upasuaji, yaani karibu mtu mmoja katika kila watano. Hesabu hiyo ni kubwa, lakini iko nyingine iliyo nzito zaidi: kati ya hao 77, wagonjwa 28 hawakuonekana na tatizo lolote walipokuwa wodini. Usaha ulitokea baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kwa maneno mengine, zaidi ya theluthi ya maambukizo yale yalipanda basi pamoja na mgonjwa. Kama wachunguzi wasingewafuatilia wagonjwa baada ya kuruhusiwa, wangeandika katika vitabu vyao kwamba watu hao wamepona.

Shida ya pili ni usugu wa vijidudu. Zamani kidonda kilichooza kilipochomwa penisilini kilikauka upesi, na watu waliiona dawa hiyo kama muujiza. Alexander Fleming aliyeigundua penisilini mwaka 1928 alionya mwenyewe mwaka 1945, alipopokea tuzo ya Nobel, kwamba atumiaye dawa hiyo kwa kipimo kidogo kuliko kinachotakiwa atavifundisha vijidudu kuishinda. Onyo lake limetimia. Baadhi ya vijidudu vimejifunza kutengeneza kemikali ambayo huikata dawa vipande kabla haijafanya kazi. Vingine huitapika dawa nje mara inapoingia. Vingine hubadili umbo la mahali dawa ilipozoea kushika. Wachunguzi wa Moshi wamevikuta vijidudu vya namna hiyo katika vidonda vya wagonjwa wa hapa hapa, pamoja na jamii ya vijidudu vya matumbo inayoweza kuivunja seftriaksoni, ile sindano ambayo mahospitali yetu yameitegemea kwa miaka mingi.

Wala jambo hili si la Kilimanjaro peke yake. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2022 ilionyesha kwamba mwaka 2019 watu 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu ya vijidudu sugu moja kwa moja, idadi iliyozidi ya waliokufa mwaka huo kwa UKIMWI au kwa malaria. Ilionekana pia kwamba Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa kuliko sehemu nyingine zote, ingawa bara letu halikunywa dawa nyingi kuliko mabara mengine. Msomaji ajiulize sababu. Mtu wa Ulaya akishindwa na dawa ya kwanza hupewa ya pili na ya tatu. Mkulima wa mlimani dawa ya kwanza ikishindwa, mara nyingi ya pili haipo, au ipo lakini bei yake ni ya mbuzi wawili. Ndiyo sababu kidonda cha mguu ambacho kingepona hugeuka kuwa donda ndugu, na mwisho msumeno wa daktari huukata mguu ili mwenyewe asalimike.

Sasa tuje kwenye bendeji yenyewe. Haidrojeli ni wavu mwembamba sana wa nyuzi zisizoonekana kwa macho, ambao huyanywa maji na kuyashika bila kuyeyuka. Kipande kimoja chaweza kuwa maji kwa sehemu tisa katika kumi, na bado kikashikika mkononi kama ute mgumu wa yai lililochemshwa. Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia walieleza jinsi vitu vya namna hii vinavyoweza kukaa na mwili wa binadamu bila kuudhuru; na kutokana na kazi yao ndiyo tumepata miwani laini inayovaliwa ndani ya jicho. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1962, George Winter wa Uingereza alionyesha kwa majaribio ya nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu liliota ngozi mpya kwa muda upatao nusu ya ule wa jeraha lililoachwa likauke na kufanya gaga. Jambo hilo lilikuwa kinyume cha mafundisho ya siku zile, na hata leo wapo wengi miongoni mwetu wanaoamini kwamba kidonda kizuri ni kidonda kikavu.

Lakini unyevu unaoisaidia ngozi ndio huo huo unaoweza kuvisaidia vijidudu. Hapo ndipo ilipo maana ya kutia ndani ya rojo hiyo kitu cha kuviua. Wengine hutia madini ya fedha. Wengine hutumia kitosani, kitu kitokanacho na maganda ya kamba na kaa, ambacho kwa umeme wake mdogo huishika ngozi ya kijidudu na kuitoboa. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo cha Chalmers katika mji wa Gothenburg, Sweden, walionyesha rojo iliyobandikwa peptidi, yaani vipande vidogo vya protini vinavyofanana na silaha za asili za miili yetu. Peptidi hizo zikielea ndani ya damu huharibika upesi. Zikifungwa imara katika rojo hukaa muda mrefu, na ziliua hata vijidudu ambavyo dawa nyingi zimeshindwa navyo.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kidonge na sindano vimeshindwa, bendeji itawezaje? Jibu lake si gumu. Kidonge humezwa, huingia katika damu, kisha damu huipeleka dawa kidogo kidogo mpaka kwenye kidonda. Lakini katika mguu wa mwenye kisukari, au penye nyama iliyokufa, damu yenyewe haifiki. Zaidi ya hayo, vijidudu vilivyokaa siku nyingi juu ya kidonda hujijengea utando wa ute, vikajificha ndani yake kama watu ndani ya boma. Bendeji yenye dawa hukaa mlangoni pa boma hilo usiku na mchana, kwa nguvu ambayo kama ingetiwa katika damu ingemdhuru mgonjwa. Tena haimwagi dawa tumboni, ambako vijidudu vyema na vibaya hukutana na kufundishana usugu. Hii ndiyo hoja kubwa ya wanaoisifu, nasi twaikubali.

Hata hivyo mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wako watu ambao wakisikia habari hizi watadhani kwamba vita vimekwisha, na wako wafanyabiashara ambao wangependa wadhani hivyo. Yafaa tuseme wazi mambo mawili. La kwanza, bendeji hupigana juu ya ngozi na karibu ya ngozi. Maambukizo yaliyokwisha kuingia mfupani, au yaliyoingia katika damu na kumtetemesha mgonjwa kwa homa, hayaponi kwa kubandikwa rojo. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile. La pili, vijidudu havikuapa kutojifunza. Mwaka 1975 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa taarifa ya vijidudu vilivyoenea katika wodi ya watu walioungua moto, navyo vilikuwa vimekwisha kuishinda dawa ya fedha iliyokuwa ikitumika kuyaosha majeraha yao. Basi fedha nayo yaweza kushindwa ikitumiwa ovyo. Na anayetia ndani ya bendeji dawa zile zile tunazozitegemea kwa sindano afikiriwe mara mbili, maana huenda anaichezea akiba yetu ya mwisho.

Kwa upande mwingine wapo wasemao kwamba jambo hili ni anasa: nchi ambayo zahanati zake nyingine hukosa hata glavu ina haja gani na rojo za Sweden? Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haikupigiwa hesabu mpaka mwisho. Tuchukue mfano wa mkulima wa Mkuu Rombo mwenye kidonda cha mguu. Akifungwa kwa shashi ya kawaida, yambidi aende kubadilishwa kila siku au kila siku ya pili. Kila safari ina nauli yake na nusu siku ya kazi iliyopotea. Na mara nyingi haendi peke yake, bali binti au mjukuu huacha shule au shamba ili amshike mkono. Shashi iliyokauka hubanduka pamoja na nyama changa iliyokuwa imeanza kuota, kidonda kikarudi nyuma, na mgonjwa akaogopa siku ya kubadilishwa kuliko ugonjwa wenyewe. Baada ya miezi ya mateso hayo hutajwa neno la kukata. Mguu ukikatwa, kihamba kimepoteza mkulima, na nyumba imepata mtu wa kulishwa. Anayeita bendeji anasa na aitie gharama hiyo yote katika mizani ndipo aseme.

Hesabu hiyo inazidi kutuhusu mwaka hata mwaka. Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watu wapatao 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Pikipiki zimejaa katika njia zetu za mlimani zenye kona na matope. Watoto wadogo wangali wanaungua kwa maji ya moto na kwa uji jikoni. Kila mmoja wa hao ana ngozi iliyofunguka, na ngozi iliyofunguka ni mlango.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba bendeji hizi zatufaa, lakini si bendeji yoyote itakayoletwa. Ile itakayomfaa abiria wetu lazima iwe na sifa zake. Ikae katika kabati la zahanati bila jokofu, hata katika joto la tambarare ya Kahe na Himo. Idumu juu ya kidonda siku mbili au tatu, ili nauli ipungue. Iwe ya kuangaza, ili bibi muuguzi akitazame kidonda pasipo kukifunua. Ibanduke bila kuchuna, hasa kwa mtoto aliyeungua. Na kwa kuwa rojo yenye maji mengi haifai kwa kidonda kinachotiririka sana, iwepo pia ya aina inayofyonza. Mtaalamu wa Ulaya akiunda bendeji yake huifikiria wodi yenye muuguzi kila kitanda. Hawezi kulaumiwa kwa kutoifikiria njia ya Usseri wakati wa mvua. Wa kuifikiria njia hiyo ni sisi.

Nasi si maskini wa vitu vya kuitengenezea. Tangu mwaka 1989 akina mama wa Zanzibar wamekuwa wakilima mwani kwa ajili ya kuuza. Mwani huo hutoa karajinani, kitu ambacho kikichanganywa na maji hufanya rojo nzuri, laini au ngumu kwa kadiri ya aina ya mwani. Nacho ni kimojawapo cha vitu ambavyo wataalamu hutumia kuundia haidrojeli. Lakini sehemu kubwa ya mwani wetu husafirishwa ukiwa mkavu na mbichi, ukasafishwe na kusagwa na wengine. Maganda ya kamba wa pwani, ambayo ndiyo asili ya kitosani, mengi hutupwa. Asali yetu huua vijidudu kwa utamu wake unaonyonya maji, kwa ukali wake na kwa kemikali inayotokea inapochanganyika na unyevu wa kidonda. Isipokuwa asali ya kupakwa kidonda lazima itakaswe kwanza, maana ile ya mzinga yaweza kubeba mbegu za vijidudu vibaya. Na mgomba je? Mjini Mumbai, India, madaktari wamefunika majeraha ya moto kwa majani ya mgomba yaliyotakaswa, wakaona kwamba hayagandamani na jeraha na bei yake ni ndogo sana. Sisi tunaoishi ndani ya migomba tungali tunangoja shashi ya meli.

Watu wa Kilimanjaro hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Wazee wao walianzisha chama chao cha ushirika cha KNCU mwaka 1933 kwa sababu walitambua kwamba anayeuza buni bila sauti juu ya bei hulima kwa ajili ya mwingine. Lakini buni iliendelea kuondoka mbichi, na faida kubwa ikabaki kwa aliyeikaanga. Tusirudie kosa hilo kwa mwani na maganda ya kamba: tupeleke vitu vibichi, kisha tuvinunue tena kama bendeji kwa bei ya dhahabu.

Wala mtu asiseme kwamba kazi hiyo ni ya mataifa makubwa pekee. Katika miaka ya 1980 Janusz Rosiak na wenzake wa mji wa Łódź, Poland, nchi ambayo wakati huo haikuwa tajiri, waliunda bendeji ya haidrojeli kwa njia rahisi. Walichanganya polima, maji na agaa, ambayo nayo hutokana na mwani. Wakamimina katika visahani, wakafunga, kisha wakapitisha mionzi. Mionzi hiyo ilifanya kazi mbili kwa pigo moja: iliushona wavu wa rojo na papo hapo ikaitakasa bendeji ndani ya mfuko wake. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki likasaidia kuueneza ujuzi huo katika nchi zinazoendelea. Sisi tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki yenye maabara Arusha. Tunayo Taasisi ya Nelson Mandela huko huko Arusha, iliyoanza kufundisha mwaka 2011, ambayo kazi yake ni sayansi na ufundi. Tunayo KCMC pamoja na chuo chake cha tiba na taasisi yake ya utafiti. Kati ya Arusha na Moshi ni mwendo wa kilomita 80 tu. Ni jambo la kusikitisha ikiwa mtaalamu wa rojo na daktari wa vidonda, waliokaa karibu hivyo, watakutana kwa mara ya kwanza katika mkutano wa Geneva.

Lakini wakikutana, na wakaunda kitu, hapo uangalifu ndipo uzidi. Kuua vijidudu katika kisahani cha kioo si kuponya mtu. Bendeji ya kwetu ijaribiwe kwa haki kama ya wageni: wagonjwa waelezwe na wakubali kwa hiari yao, wengine wafungwe kwa bendeji mpya na wengine kwa shashi au kwa asali iliyotakaswa, wafuatiliwe mpaka nyumbani, si mpaka mlango wa wodi, na matokeo yachapishwe hata kama ni ya kuaibisha. Uchunguzi ule wa mwaka 2003 umekwisha kutuonyesha kwamba anayekomesha hesabu siku ya kuruhusiwa mgonjwa hukosa zaidi ya theluthi ya ukweli. Uzalendo si sababu ya kumbandika mwananchi kitu kisichofaa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iwe kali kwa cha nyumbani kama ilivyo kwa cha ng'ambo.

Kwa Serikali tunayo machache ya kukumbusha. Nchi yetu ilijiwekea mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa kwa miaka 2017 hadi 2022, na kisha mpango wa pili wa mwaka 2023 hadi 2028. Mipango ni mizuri, lakini mpango haufungi kidonda. Jambo la kwanza ni maabara. Daktari asiyejua ni kijidudu gani kilichomo ndani ya kidonda hupigana gizani, huanza na dawa kali kuliko zote, na hivyo huongeza usugu. Hospitali ya Mawenzi, na zile za Machame, Kibosho, Kilema, Marangu na Huruma, ziwe na njia ya uhakika ya kuotesha usaha wa mgonjwa au kuupeleka mahali unapooteshwa, na majibu yarudi kabla mgonjwa hajaondoka. Jambo la pili ni ununuzi. Bendeji nzuri ikithibitishwa, iingie katika orodha ya Bohari ya Dawa na ifike zahanati, isibaki katika maduka ya mjini. Jambo la tatu ni bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Bima ilipayo gharama ya kukata mguu isipolipa bendeji ya kuuokoa mguu huo, itakuwa imepiga hesabu yake kinyume.

Baada ya kusema hayo kwa Serikali, haitakuwa haki tukiwaacha wananchi bila kuwaambia neno. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika miaka ya karibuni Kenya, Uganda na Tanzania, na Kilimanjaro ikiwemo, ulikuta kwamba yapata nusu ya maambukizo ya njia ya mkojo yaliyothibitishwa yalitokana na vijidudu vilivyoshinda dawa za aina nyingi. Usugu huo haukushuka na theluji ya Kibo. Mtu huingia duka la dawa, akanunua vidonge vinne badala ya kipimo kamili, akaacha akisikia nafuu, na vilivyobaki akamwekea mtoto kwa siku nyingine. Mfugaji humdunga ng'ombe bila kumwuliza bwana mifugo, na maziwa ya jioni ile ile yakanywewa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini ubaya wa mwiba huu ni kwamba humchoma na jirani. Kijidudu kilichofundishwa usugu katika nyumba moja hakiulizi ukoo kinapohamia nyumba ya pili.

Tena pako pahali ambapo hakuna ufundi wowote wa Sweden wala wa Arusha utakaotuokoa, napo ni penye mikono yetu. Bendeji iliyo bora kuliko zote ikishikwa kwa mkono uliotoka zizini ni bure. Maji ya mfongo ni baraka ya vihamba vyetu, lakini si maji ya kuoshea kidonda mpaka yachemshwe. Sabuni ni dawa ambayo hakuna kijidudu kilichokwisha kuipatia ukinzani wa kutisha, nayo inauzwa katika kila kibanda kuanzia Himo hadi Sanya Juu. Na nesi wa zahanati atembelewe au apigiwe simu siku ya tatu na siku ya saba baada ya mgonjwa kurudi, maana usaha haungoji tarehe iliyoandikwa katika cheti.

Turudi basi kwa abiria wetu. Gari limejaa, utingo amekwisha kupiga ubavu wa basi, na safari ya kupanda mlima inaanza. Katika mfuko wake ana karatasi ya hospitali na vidonge vya siku tano. Kwa hali ilivyo, tumemkabidhi kwa bahati. Twataka siku moja awe na kitu cha tatu katika mfuko huo: bendeji chache safi, zilizotengenezwa kwa mwani wa Paje au kwa maganda ya kamba wa Bagamoyo, zilizopimwa juu ya vidonda vya watu kama yeye, na zilizolipwa na bima aliyoichangia. Jambo hilo halihitaji muujiza. Lahitaji watu wa Moshi, Arusha na Zanzibar waliokwisha kusoma kwa jasho la wakulima wakae meza moja, na wenye mamlaka ya fedha wawape muda na nyenzo.

Wakifanya hivyo, mzee yule wa kisukari atapanda kihamba chake kwa miguu miwili. Wasipofanya, bendeji hizo zitakuja tu, maana dunia haisimami. Lakini zitakuja kwa bei ya wenzetu, zimeundwa kwa vidonda vya wenzetu, na mzee wetu atazisikia redioni akiwa amekaa kitini na gongo lake.